Beringi Namba 6205

Mama yangu alikuwa mama ntilie pale Temeke. Kila alfajiri alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi za wali na maharage, na kufikia mwaka 1998 kiwiko chake cha kulia kilikuwa hakinyooki tena. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Keko. Nikaazimia kumtengenezea mbuzi ya umeme.

Mashine mbili za kwanza nilizijenga kwa kukadiria kwa macho, kama nilivyozoea kwenye mageti. Zote zilitetemeka hadi boliti zikachomoka. Geti likipinda nusu sentimita linafungwa tu. Shafti inayozunguka haikubali.

Magomeni kulikuwa na kaka mmoja mwenye chumba cha kufundishia kompyuta. Alitaka grili za madirisha na hela yote hakuwa nayo, tukakubaliana anilipe nusu kwa fedha, nusu kwa saa za kompyuta. Hapo ndipo nilipokutana na AutoCAD, programu ya kuchorea, toleo la 14. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na wengi wa rika langu tulifika utu uzima bila kuigusa. Mimi hata kipanya nilikuwa sijawahi kukishika.

Yule kaka alifundisha kupiga chapa, uchoraji hakuujua. Nikajifunza peke yangu, kamusi ya TUKI mapajani. Nikiandika LINE napata mstari. TRIM niliitafuta kamusini, nikaelewa kuwa ni kupogoa kilichozidi.

Beringi niliyokuwa nayo ilikuwa namba 6205: kipenyo cha ndani milimita 25, cha nje 52, unene 15. Nikaandika CIRCLE, kisha 52. Kosa sikuliona mpaka nilipochapa karatasi na kuiweka beringi juu yake, ikakaa katikati ya duara kama kikombe ndani ya sinia. Programu ilikuwa inauliza nusu kipenyo, mimi nimeipa kipenyo kizima.

Kuanzia siku hiyo kila kipande nilikichapa kwa ukubwa wake halisi, nikakibandika kwa gundi juu ya mabaki ya plaiwudi niliyoomba kwa maseremala wa Keko, nikakata kwa msumeno. Mashine nzima ilisimama kwa mbao kabla sijanunua chuma. Mota yangu ilizunguka kama mara 1,400 kwa dakika, mwendo wa kurusha nazi ukutani. Nikachora puli ya milimita 60 kwenye mota na ya 180 kwenye shafti, mwendo ukashuka hadi theluthi.

Mchoro wa shafti niliupeleka kwa mzee mmoja mkereza vyuma, eneo la Gerezani. Akautazama kwa muda.

“Mwanangu, hii 25 unataka beringi iingie kwa mkono au kwa nyundo?”

Sikuwa na jibu. Kwenye kompyuta shafti ya 25 inaingia tundu la 25 bila ubishi. Kwenye chuma, tofauti ndogo kuliko unene wa unywele ndiyo inayoamua kama beringi itakaza, itacheza au itapasuka. Mzee akafungua kitambaa, akatoa vernia yake, akanipimisha shafti kuukuu moja baada ya nyingine, akinitajia ipi ilikazwa na ipi iliachiwa nafasi. Niliondoka kwake adhuhuri. Jioni nilikuwa Magomeni nikiandika kando ya kila kipimo: ikaze, au iteleze. Shule yangu hasa ilikuwa pale Gerezani.

Mama aliiwasha mbuzi yake Ramadhani iliyoanza Desemba 1998. Haikutetemeka.

Leo vijana wanakuja kwangu na michoro kwenye simu. Programu ya kuchorea ya FreeCAD wanaipata bure. Kijitonyama, kwenye jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kituo cha ubunifu cha Buni kilianza mwaka 2011, na baadaye vijana wakaunda huko mashine za kuchapa vitu vya plastiki kwa vifaa vya kompyuta zilizotupwa. Ninafurahi sana kuyaona haya. Lakini wengi wao, nikiwauliza kipimo kilichomo kwenye mchoro kimetoka wapi, wananiambia wamekisia.

Wewe unayetaka kuanza, nunua vernia kabla ya kompyuta. Chukua kitu kimoja cha nyumbani kwako, kipime, kichore, kichape kwa ukubwa wake, kisha kiweke juu ya karatasi. Kisipolingana, pima tena.