Sala kwa Lugha ya Askari

Chuoni kwetu Kampala, ushirika wa wanafunzi Wakristo hukutana Jumatano jioni katika darasa ambalo mchana hufundishiwa takwimu. Tumo Waanglikana, Wakatoliki wachache na walokole wengi. Waganda, Waacholi, Walugbara, Wanyankole. Mahubiri ni kwa Kiingereza, nyimbo nyingi kwa Kiluganda, na mwenzetu akiumwa au akikosa ada, bahasha hupitishwa bila kuuliza kabila lake. Hilo nalisema kwa fahari.

Kilichotushinda ni Kiswahili. Muhula uliopita alijiunga nasi dada mmoja aliyekimbia vita vya Kivu akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku alipoombwa afunge mkutano, alisali kwa Kiswahili, lugha anayozungumza na Mungu tangu utotoni. Vicheko vikasikika nyuma. Baadaye kiongozi mmoja alimwambia kwa upole kwamba ingefaa aombe kwa lugha inayowajenga wote. Kwa wiki tatu hatukumwona.

Chanzo cha vicheko hivyo nakijua, na si upumbavu. Watu wa umri wa bibi yangu walikisikia Kiswahili vinywani mwa wanajeshi, kwenye vizuizi vya barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala huohuo, na kila tarehe 16 Februari Uganda nzima humkumbuka. Bibi akinikuta na kitabu cha Kiswahili huniuliza kama nataka kwenda jeshini. Anatania, lakini si sana.

Lakini uamsho uliotuzaa sisi walokole ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mipaka na lugha. Hadi leo Wakristo wa Kenya na Tanzania wasiojua Kiluganda huimba Tukutendereza, na hakuna anayewataka watafsiri kwanza. Tunafurahi kwamba wimbo wetu umefika mbali hivyo, kisha tunamnyamazisha dada aliyeketi safu ya tatu.

Niliyasema haya mbele ya kamati. Kwa kuwa mimi pekee ndiye ninayesomea Kiswahili, wengine walidhani natetea somo langu. Mwenzetu Mwacholi, ambaye ukoo wake ulipoteza watu enzi zile, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba lugha ile bado humkaza kifua, lakini dada akirudi yuko tayari kuketi karibu naye. Kamati haikuamua lolote.

Jumatano iliyopita alirudi. Tukaketi watatu benchi moja. Wakati wa maombi ulipofika alininong'oneza, "Naweza?" Nikamwambia, "Anza, dada." Aliombea wagonjwa, mitihani na watu wa kwao, kwa Kiswahili cha Kivu, kwa kirefu, na kule nyuma watu wawili watatu waliitikia amina kabla hajamaliza.