Motokari Inayochemka Ikiwa Imesimama

Wengi wenu mmekwisha kuona kando ya barabara motokari iliyofunuliwa mbele, mvuke ukifuka kama chungu cha bukari, na watu wameizunguka, kila mmoja akitoa shauri lake. Sisi pia tumesimama hivyo. Parokia yetu hapa Lubumbashi ilitukabidhi ulinzi wa motokari yake, gari la mitumba lililotoka Japani, lenye usukani upande wa kuume. Ni kazi ambayo hatumwombei adui yetu.

Mwezi wa Oktoba 2019, wakati joto la kwetu linapozidi kabla ya mvua, dereva wetu alikuwa akimleta hospitalini mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Walitoka upande wa Likasi wakaja mbio bila shida yoyote. Lakini kwenye kizuizi cha kulipia barabara walikuta mlolongo wa malori ya shaba, wakangoja hapo injini ikiwaka. Mshale wa kipimo cha joto ukapanda hadi penye rangi nyekundu, maji yakachemka, safari ikakatika. Ikabidi yule mama ahamishiwe katika gari la mpita njia. Asifiwe Mungu, mtoto alizaliwa salama usiku ule ule. Ila hasira yetu sisi haikupoa.

Mbele ya halmashauri ya parokia tulimshtaki dereva kwamba hakutia maji. Akajibu, «Mwalimu, nilitia asubuhi, radiatori ilijaa.» Hatukumsadiki. Ikakatwa shauri kwamba nusu ya mshahara wake izuiwe miezi miwili, ili kulipia matengenezo. Hakubisha. Alivaa kofia yake akatoka.

Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa, akisema kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Maneno haya twayasikia kila mahali, nayo si kweli. Themostati ni mlango mdogo uzuiao maji yasiende kwenye radiatori mpaka injini ipate joto lake, kama nyuzi 85 hivi. Ikiondolewa, injini hukimbia ingali baridi na kula mafuta mengi. Fundi wa pili alituuzia radiatori nyingine. Wote wawili waliijaribu motokari kwa namna moja: waliikimbiza barabarani, wakaona mshale umetulia, wakapokea fedha zao. Jumapili iliyofuata, tukiwangojea wagonjwa mlangoni pa kanisa huku injini ikiwaka, maji yakachemka tena.

Ndipo tukampelekea mzee mmoja aliyestaafu kazi ya magari ya migodi. Yeye hakushika hata kifungulio. Aliuliza tu, «Inachemka wakati gani? Ikienda, au ikisimama?»

Tukatazamana. Dereva akasema kwa sauti ndogo nyuma yetu, «Ikisimama tu, baba. Ikienda, hata mlimani, inatulia.»

«Kumbe ugonjwa unaujua! Mbona hukuwaambia?»

Dereva akanyamaza. Sisi pia tukanyamaza, maana twajua kwamba hakuna aliyemwuliza.

Mzee akatueleza, nasi twawaeleza ninyi. Maji huchukua joto la injini na kulipeleka kwenye radiatori, na huko upepo huliondoa. Motokari ikienda mbio, upepo waja wenyewe kutoka mbele. Ikisimama, hakuna upepo ila ule unaovutwa na pangaboi lililo nyuma ya radiatori, ambalo mafundi wa mji wetu huliita vantilateri. Kwa hiyo, motokari ichemkayo ikisimama na kupoa ikienda, ianze kushukiwa kwa pangaboi lake. Ile ichemkayo ikienda, hasa mlimani, ina habari nyingine: radiatori iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua.

Aliwasha injini akaiacha. Mshale ukapanda, ukapita katikati, pangaboi halikuzunguka. Akazima. Alitazama fyuzi, ikawa nzima. Akatoa waya kwenye batri moja kwa moja hadi kwenye mota ya pangaboi, likavuma mara moja. Basi mota nayo ni nzima, umeme ndio haufiki. Kisha akafanya jambo lililotuchekesha. Katika kisanduku cha umeme aliichomoa rele ya honi, iliyofanana kabisa na rele ya pangaboi, akazibadilisha mahali. Injini ilipopata moto, pangaboi likazunguka. Tukabonyeza honi, kimya. Ugonjwa wote ulikuwa katika rele ile, kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, na bei yake haikufika bei ya kuku mmoja.

Tulipotaka kwenda zetu, alitushika mkono. Akangoja mpaka mpira wa juu wa radiatori ukashikika bila kuunguza, ndipo akafungua kifuniko. Yeyote afunguaye mapema hurukiwa na maji ya moto usoni, tumewaona walioungua. Mpira wa ndani wa kifuniko ulikuwa umepasuka. Hapa Lubumbashi tupo mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji ya sufuria huchemka penye nyuzi 96 tu. Kifuniko kizima hushikilia mgandamizo ndani, na maji hustahimili kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kibovu huiacha injini bila akiba hiyo. Tukanunua kipya, na themostati tukairudisha.

Jumamosi ile halmashauri ilikutana tena, kwa kuwa shtaka lilitolewa hapo. Tulisema kwa kinywa chetu kwamba tulikosa, tukamrudishia dereva fedha zake zote. Alizihesabu mbele yetu mara mbili, akazitia mfukoni. Akatuuliza kama rele ya honi imekwisha kununuliwa, maana Jumatatu alitakiwa kwenda Likasi.