Batli ya Daraja la Tatu

Mabaharia wa pwani wanalo neno batli: ni kamba itupwayo majini kupima mwendo wa chombo, na ni daftari la nahodha unamoandikwa mwendo huo. Waingereza nao waliliita daftari lao kwa jina la gogo lililotupwa majini, na mafundi wa kompyuta wakaliazima jina hilo kuita kumbukumbu ziandikwazo na mitambo yenyewe. Basi fundi atafutaye leo sababu ya ukimya wa programu itendayo kazi chinichini, pasipo macho ya mtu, kwa hakika anatafuta batli.

Sababu aghalabu ni mbili. Ama mtenda kazi hakuagizwa kuandika, ama aliandika, lakini maneno yalikuwa yangali mkononi mwake, hayajafika daftarini, yakafa naye.

Ziwa Victoria limezionyesha zote mbili.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hapana karatasi iliyolowa wala iliyoibwa. Wale waliolipa kidogo, waliosafiri chini pamoja na mikungu yao ya ndizi, hawakuandikwa tangu mwanzo. Ndiyo maana idadi ya waliokufa haijatulia hata leo: wengine hutaja zaidi ya 500, wengine 800, wengine 894. Tofauti ya mamia hayo ndiyo daraja la tatu.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Safari hii tiketi zilikatwa na mashine ilihesabu. Lakini mkata tiketi alikufa maji, na mashine yake ikazama. Daftari lilipanda chombo kilekile lililokuwa likikiandika. Kosa hilo fundi yeyote angelitambua mara moja, na dawa yake ni nyepesi: nakala ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa.

Pasipo nakala, hesabu ilifanywa kwa kurudi nyuma. Watu 228 walikufa, 41 waliokolewa. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa walipanda 269. Wasomaji wa visiwani wanaijua hesabu ya namna hii tangu Spice Islander ya Septemba 2011, ambayo vifo vyake vilitajwa kwanza kuwa 200 na ushei, kisha tume ikaja na zaidi ya 1,500.

Wa MV Bukoba wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Miongoni mwao wamo ambao hakuna aliyewatambua.