Sanduku Lisifungwe kwa Gundi

Lokichoggio,
Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka Loki. Sisi tu wazima, mama yako hajambo, mbuzi wamepelekwa upande wa milima ya Mogila kutafuta majani, na jua ni lile lile unalolijua. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba vijana wa kanisa letu wamekuagiza amplifaya, nawe umeamua kuiunda mwenyewe hapo Lodwar, umeme wa ndani na sanduku la nje.

Lakini kuna jambo uliloliandika kwa kupita tu, nalo limeninyima usingizi. Umesema ukimaliza utalifunga sanduku kwa gundi na ribiti, na namba zilizo juu ya chipu utazikwangua kwa msasa, ili fundi mwingine asiibe ujuzi wako. Mwanangu, usifanye hivyo. Nakuandikia kwa sababu mimi nilifanya.

Loki ya ujana wangu hukuijua. Tangu 1989, Umoja wa Mataifa na mashirika yalipoanza ile Operation Lifeline Sudan, ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan, mji huu haukulala. Mwaka 1998, njaa ilipoikaba Bahr el Ghazal, ndege za Hercules zilipaa na chakula siku nzima, na kwenye benchi langu nilikuwa nikibandika sikio kwenye spika ili niisikie redio ninayoitengeneza. Kazi zilikuwa tele na mafundi tulikuwa wachache. Kila mmoja wetu aliificha siri yake kama chumvi ya msafiri.

Miaka hiyo kwaya moja kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilinipa kazi ya amplifaya. Niliunda kitu kizuri, sisemi uongo. Kisha nikamwaga gundi kwenye kila ungio la sanduku na kukwangua kila namba. Miezi michache baadaye nikasafiri kwenda Kitale kumuuguza ndugu. Nikiwa huko, akafa mzee aliyependwa na watu wengi, na usiku wa kuamkia mazishi amplifaya ikanyamaza. Wakamwita fundi wa jirani. Hakupata pa kuingilia. Wakatumia patasi, sahani ya saketi ikapasuka katikati. Mazishi yakafanyika bila sauti, na waliosimama nyuma hawakusikia maneno ya mwisho ya kumuaga mzee wao. Niliporudi nikaletewa vipande ndani ya gunia. Nikapima. Kilichokuwa kimeungua ni fyuzi, ya bei ya kikombe cha chai, nami nilikuwa nimeificha ndani ya gundi.

Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa nafuu kama wangenigombeza.

Baadaye mkataba wa amani wa Sudan ukatiwa saini Nairobi, Januari 2005, wewe ukiwa bado mtoto wa mgongoni. Mashirika yakaanza kuhamia Juba na mji ukapoa. Ndipo nikaona kosa langu likirudiwa kwa ukubwa: hapa pampu imekufa kwa mkanda, pale jenereta imekufa kwa swichi, kwa kuwa aliyezijua alikwenda zake na hakumwonyesha mtu ndani yake. Kinyume chake nilikiona Lopiding, katika hospitali iliyoendeshwa na Msalaba Mwekundu hadi 2006. Karakana yao ilitengeneza miguu ya bandia kwa waliokatwa na vita. Nilimwuliza fundi mmoja kwa nini mguu ule una skrubu za kurekebishia. Akanijibu kwamba mgonjwa huyu atarudi kwao, mbali na karakana, na mguu lazima uende naye. Swali hili nataka liwe juu ya benchi lako kila siku: kitu hiki kinakwenda wapi, na kikifika huko nani atakifungua?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, wati. Umeandika kwamba unataka kuwapa wati 500. Sauti haipandi hivyo. Ukizidisha nguvu mara mbili, unapata desibeli 3 tu, ambazo sikio linazitambua kwa shida. Ili watu wahisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Kwa hiyo tazama spika kabla ya amplifaya. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja ikiwa na wati 30 itapiga sawa na ile ya desibeli 87 iliyopewa wati 300. Wala usidanganywe na stika za dukani zinazosema wati 3,000. Geuza nyuma usome fyuzi: ikiwa ni ya ampea 1 kwenye volti 240, mashine hiyo haiwezi kuvuta zaidi ya wati 240 kwa muda mrefu, na haiwezi kutoa kisichoingia.

Kwa kanisa lile, chipu mbili za LM3886 zinatosha, moja kila upande. Chukua transfoma ya 18-0-18. Ukishapitisha umeme kwenye daiodi na kapasita utapata kama volti 25 chanya na 25 hasi, na kwa spika ya omu 8 kila chipu itakupa kama wati 30 safi. Kapasita zako ziwe za volti 50, kwa sababu umeme wa jenereta hupanda usiku watu wakizima taa. Ukienda mtaa wa Luthuli, Nairobi, kununua, usinunue rundo. Chipu na transista za kughushi zimejaa sokoni. Nunua moja, ijaribu ikiwa na mzigo, ndipo urudi kuchukua nyingine. Na kama kuna mahali watakapoipeleka pasipo na umeme wa nguzo, watengenezee nyingine ndogo ya volti 12, ya aina ile inayokata umeme vipande vipande na isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto. Betri ya ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Tumia nusu tu ili isife mapema, na kama mashine inavuta wati 30, una saa 10 za ibada.

Pili, joto. Hapa ndipo michoro inayotoka nchi za baridi inapotuponza. Chipu ile kwa volti hizo inaweza kugeuza hadi wati 18 kuwa joto, na mbili ni 36. Hitisinki ya nyuzi 1 kwa kila wati itapanda nyuzi 36 juu ya hewa iliyopo. Nairobi penye nyuzi 24 itafika 60. Hapo Lodwar penye nyuzi 37 itafika 73, na ndani ya chipu ni zaidi. Basi tafuta alumini kubwa mara mbili ya ile wanayokuambia. Mapezi yake yasimame wima na yawe nje ya sanduku, ili hewa moto ipande yenyewe. Feni usiweke, vumbi letu litaijaza na siku itakapogoma, chipu itaifuata. Kapasita nazo ziweke mbali na hitisinki, na ununue zilizoandikwa nyuzi 105, si 85. Kila unapoziongezea nyuzi 10, umri wao hupungua karibu nusu.

Kumbuka pia kwamba mgongo wa chuma wa chipu ile ya kawaida umeungwa na upande hasi wa umeme. Weka karatasi ya maika na mafuta ya kupitisha joto kati yake na alumini, kisha upime kwa mita kabla ya kuwasha. Kosa hilo moja limeunguza mashine nyingi.

Tatu, sanduku. Najua vijana wa Kakuma wanavyokunjua makopo ya mafuta ya msaada na kuyafanya milango, na ni werevu unaostahili heshima. Lakini bati lile ni jembamba. Karibu na spika litalia pamoja na kwaya. Tafuta bati la chuma la milimita 1.5 kwa sakafu na kifuniko. Kwa mbavu za pembeni tumia mathenge, ile tunayoiita etirae. Watu wanaulaani mti huo kwa kumeza malisho, na wana haki, lakini mbao zake ni ngumu na nzito, zinakaa bila kupinda zikikaushwa kivulini. Zikate, zipige tupa na msasa, uzipake mafuta. Matundu ya hewa yazibe kwa wavu mwembamba. Mjusi na nyigu wanapenda nyumba yenye joto.

Ndani, transfoma ikae upande mmoja na waya za maikrofoni upande wa pili kabisa. Waya zote za kurudishia umeme zikutane kwenye nukta moja, si kushikwashikwa njiani popote panapokaribia. Ukisikia mngurumo mzito, sikiliza vizuri. Ule wa chini kabisa, wa mitetemo 50 kwa sekunde, mara nyingi unatoka kwenye transfoma iliyo karibu mno na waya za sauti. Ule wa 100, wenye makali kidogo, unatoka kwenye umeme usiosafishwa vizuri au waya za kurudishia zilizoungwa ovyo. Usiufunike kwa kupunguza besi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Waya wa ethi ufunge kwenye chuma chenyewe, ukishakwangua rangi, kwa skrubu yake peke yake. Watu watalishika sanduku hili kwa mikono yenye jasho, pengine wakiwa peku. Na fyuzi iwe nje, mgongoni, mahali ambapo hata mtoto wa kwaya anaweza kuifikia akishachomoa plagi. Bandika fyuzi mbili za akiba kando yake kwa utepe. Nilipokuwa naandika sentensi hiyo mkono umenitetemeka.

Nne, siku ya kuwasha. Usichomeke moja kwa moja ukutani. Chukua balbu ya zamani ya wati 60, ya waya unaowaka, uiunge mfululizo kwenye waya wa moto. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali pameshikana, zima utafute. Anza bila chipu, upime volti. Kisha weka chipu, upime kwenye tundu la spika bila sauti yoyote. Ukikuta zaidi ya milivolti 50 za umeme mnyoofu, usiunge spika. Baada ya hapo unga spika mbovu, na ya maana iwe ya mwisho. Kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako. Ziwekee rezista ya kuzimaliza, na usizipige bisibisi ili zitoe cheche. Unapogusa ndani, mkono mmoja uwe mfukoni.

Sasa narudi kwenye gundi. Unaogopa kwamba ukiacha kifuniko wazi, mwingine atanakili kazi yako na kukunyang'anya wateja. Atanakili, ni kweli. Lakini fikiri vizuri, unachouza ni nini? Mchoro wa chipu ile umechapishwa na walioiunda, kila mtu anaweza kuusoma. Kilicho chako ni sikio linalotambua mngurumo, ni kuchagua alumini kwa jua la Turkana, ni subira ya kupima kabla ya kuwasha. Hayo hayaonekani kwa kufungua skrubu. Atakayeyataka itabidi aje akae nawe benchini, na akija, mfundishe. Mimi nilipoacha kuficha, wateja hawakupungua. Waliongezeka, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ikiendelea kuimba hata nilipokuwa sipo.

Kwa hiyo funga kifuniko kwa skrubu nane za aina moja, zinazofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida iliyo katika kila duka la huku kwetu. Chora saketi nzima kwa kalamu kwenye karatasi, uandike volti zinazotakiwa kila mahali, uifunike kwa plastiki na kuibandika ndani ya kifuniko. Andika jina lako na tarehe. Hapo chini acha mistari mitupu, ili fundi atakayefuata aandike alichobadilisha.

Dereva wa gari la kesho amebeba kifurushi chako. Ndani yake mna kipande kikubwa cha alumini nilichokipata kwa muuza vyuma chakavu, na kibao kimoja chenye gundi kavu ukingoni na alama za patasi. Ni kifuniko cha ile ya Kakuma. Nimekaa nacho miaka yote hii. Kitundike juu ya benchi lako.

Ukija kuwakabidhi vijana mashine yao, usiiwashe wewe. Chagua mmoja wao, mpe bisibisi, mwache aifungue, asome karatasi, abadilishe fyuzi na kuifunga tena, nawe simama kando kimya. Mimi nitakuwa mstari wa nyuma kabisa, nisikie kama sauti inafika.

Mama yako anakusalimu na anasema ule vizuri.

Ni mimi mjomba wako.