Umeme kwa Kiswahili, Mtihani kwa Kiingereza

Mimi nakula kwa sababu watoto hawaelewi shuleni. Nalisema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi, asije akadhani anasoma maneno ya mtaalamu wa wizarani. Nina chumba kimoja huku Mbagala, nyuma ya duka la Mangi, chenye mabenchi manne na ubao wa plaiwudi niliopaka rangi nyeusi kwa mkono wangu. Jioni wanaingia vijana wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, kila mmoja na shilingi 500 yake, nami nawafundisha Fizikia ileile waliyofundishwa asubuhi. Tofauti ni lugha tu. Asubuhi ilikuwa Kiingereza, jioni ni Kiswahili. Siku serikali itakapobadili lugha ya kufundishia sekondari, mimi nitafunga biashara, na sijui nitakula wapi.

Mchukue mtoto wa Kidato cha Pili na mada ya nyenzo. Huyu nyenzo anazijua zamani. Alipokuwa shule ya msingi alichora toroli, mkasi na koleo la mkaa, akaonyesha egemeo liko wapi, mzigo uko wapi, jitihada inatumika wapi. Pengine alipata vema tupu. Leo anasimamiwa na mwalimu anayesema "lever", "fulcrum", "load", "effort", naye anaandika yote kwa hati nzuri kabisa kama mtu anayenakili barua ya wenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni toroli lilelile. Ninapolichora ubaoni na kuuliza, "Hivi hili hamjawahi kuliona?" chumba kizima kinasema "Aaah!" Hiyo "aaah" ndiyo bidhaa yangu.

Umeme nao tunaufundisha kwa daladala. Abiria wanaopita mlangoni kwa dakika moja ndio mkondo. Konda anayesukuma watu kwa nyuma, "Sogea, sogea, ndani kweupe!" ndiye volti. Na mlango mwembamba, pamoja na yule bwana aliyeganda ngazini akidai anashuka karibu, ndio ukinzani. Konda akisukuma zaidi, watapita wengi zaidi. Mlango ukibana, watapungua. Kila mtoto wa Mbagala amesukumwa na konda, kwa hiyo sheria ya Ohm haichukui dakika kumi. Mmoja aliniuliza papo hapo, "Ticha, sasa joto la waya ndiyo lile joto la watu kubanana?" Nikamwambia siyo mbali sana. Swali kama hilo ukilisikia unajua mtu ameshaingia ndani ya jambo.

Kazi ngumu inaanza hapo. Nusu saa tumeelewa, basi saa nzima inayobaki tunakariri namna ya kukisema kwa Kiingereza kile tulichokwisha kuelewa, maana mtihani wa Taifa hauna habari na daladala. Wapo vijana wangu ambao wangeweza kumfundisha mwenzao kanuni nzima kwa maneno yao, lakini kwenye karatasi wanaandika mistari miwili na kuacha, kwa kuogopa sarufi. Msahihishaji hawezi kutoa maksi kwa jambo lililobaki kichwani. Katika shule moja ambayo sitaitaja, kiranja anaandika majina ya wanaoongea Kiswahili, na orodha inapelekwa ofisini. Kwa hiyo darasani kuna utulivu mzuri sana. Mgeni akipita dirishani atasifu nidhamu.

Mnivumilie kidogo na historia, maana ugomvi huu una umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na wengi wakadhani sekondari ingefuata. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kidato cha Kwanza cha mwaka 1985 kianze kusoma kwa Kiswahili. Serikali haikukubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna wa kumfundisha mapenzi ya Kiswahili, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Sera ya Elimu ya 1995 ikasema sekondari ni Kiingereza. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1997, Sera ya Utamaduni ya serikali hiyohiyo ikasema uandaliwe mpango wa kufundishia kwa Kiswahili katika ngazi zote. Ikaja Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikapatanisha wagomvi kwa namna yake: Kiswahili kitumike ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee kuimarishwa ngazi zote. Toleo lake la 2023 lilizinduliwa mwanzoni mwa 2025, na kwa vijana wa chumba changu Kiingereza kimebaki palepale kilipokuwa.

Wakati huo nchi inakimbia. Sensa ya 2012 ilitukuta watu milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Ada katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne iliondolewa Januari 2016, madarasa yakafurika. Mitaala mipya ilianza Januari 2024, ikiwa na mkondo wa amali kwa wale watakaotaka ufundi. Mpango ni elimu ya lazima ya miaka 10, na shule ya msingi iwe ya miaka 6 badala ya 7. Maana yake Januari 2028 makundi mawili, waliomaliza la sita na waliomaliza la saba, yanatarajiwa kuingia Kidato cha Kwanza kwa mkupuo mmoja. Mimi nimeshaanza kupiga hesabu ya mabenchi.

Na sayansi yenyewe imeacha vitabu, inapita mitaani. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na kabla Agosti haijaanza ikawa inafika Dodoma. Inaweza kukimbia kilometa 160 kwa saa. Kule Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Zidisha mwenyewe, utapata 2,115. Hesabu hiyo tumeifanya ubaoni zaidi ya mara moja, maana vijana wanaipenda. Ni ya kwao. Lakini ni nani atakayeikarabati mitambo hiyo baada ya miaka 20, kama leo anayesoma umeme anaogopa kufungua mdomo?

Sasa msinipigie makofi haraka. Kuna mama mmoja anauza vitumbua barabarani, mwanawe yuko kwangu. Alikuja siku moja kulipa, nikamwamkia, akaniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, mwanangu usimfundishe Kiswahili. Kiswahili anacho nyumbani. Watoto wa wakubwa wanasoma Kiingereza tangu chekechea, wewe unataka wa kwangu abaki hapa?" Nilikaa kimya. Ana hoja, na hoja yake ina njaa ndani yake. Anaona nani anaajiriwa kwenye mahoteli na maofisi, na hakuna sera iliyowahi kumweleza vinginevyo.

Jibu nililompa baadaye ndilo ninaloliamini hadi leo. Kiingereza kifundishwe, tena sana, na mwalimu anayekijua, katika kipindi cha Kiingereza. Kipindi cha Fizikia hakimfundishi mtu Kiingereza. Nina wanafunzi wa Kidato cha Nne waliosoma masomo karibu yote kwa Kiingereza kwa miaka minne, nao hawawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Wamekosa vyote viwili, lugha na somo. Mama alinisikiliza, akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," kwa sauti ya mtu ambaye hakukubali.

Wenzangu tunaoandika nao tuna deni hapa. Wakubwa husema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Maneno yapo: TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kani imo, usanisinuru umo. Kinachokosekana ni sentensi. Sisi tumejaza kurasa zetu mapenzi na ugumu wa maisha, nami sina ugomvi na mapenzi, lakini ni hadithi ngapi mmewahi kusoma ambamo mtu anafungua redio iliyokufa na mwandishi akatuonyesha kilichomo ndani, kwa Kiswahili kisichokwaruza? Mimi mwenyewe nilianza kuandika kwa ajili ya ubao ule, vipande vya ukurasa mmoja mmoja: kwa nini chungu cha udongo kinapoza maji, kwa nini bati linalia jua likizama. Navitoa fotokopi. Vingine vinarudi vimefungiwa vitumbua.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili anataka kuendesha ile treni. Wiki iliyopita alibaki baada ya wenzake kutoka, akaniuliza: "Ticha, yale maji ya Rufiji yakishapita kwenye mtambo, nguvu yake imeisha? Mbona bado yanaenda baharini?" Tulikaa juu ya swali hilo mpaka Mangi akaja kudai chumba kifungwe. Kisha akauliza kwa Kiingereza linasemwaje, ili amwulize mwalimu wake wa shule. Tukaliandika pamoja, mstari mmoja, akalikunja kwenye daftari.

Juzi nilimwuliza kama ameshaliuliza. Akasema bado, anafanya kwanza mazoezi ya kulitamka.