Ithibati Kabla ya Spana

Nilijifunza ufundi wa magari mjini Tanga, katika zama ambazo Land Rover za mashamba ya mkonge zilikuwa ndizo darasa letu, nami hata leo namshukuru ustadhi wangu kwa kuwa alinianzisha kwa macho na masikio kabla ya kunikabidhi spana. Kila lilipoletwa gari lisilovuta kwa magurudumu ya mbele, alinikataza kugusa nati hata moja mpaka nimweleze, hatua kwa hatua, nguvu ya injini ipitako: hutoka injini ikaingia gia boksi, ikaingia transfa, transfa ikaigawa kwa propela mbili, kila propela ikaifikisha kwenye difu yake, na difu ikaipeleka kwa shafti za kulia na kushoto. Aijuaye njia hiyo, alikuwa akiniambia, hana haja ya kubahatisha. Kazi yake ni kutafuta mahali nguvu ilipokatikia.

Land Rover zile hazikuficha siri. Kifundo cha manjano kilibonyezwa chini ili magurudumu ya mbele yavute, na mkono mwekundu ukarudishwa nyuma ili kupata gia nzito ya kupandia milima. Hapakuwa na taa wala swichi nyingi za kumhadaa mtu. Baadaye, magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kushushwa kwa wingi katika bandari zetu, zikaja Land Cruiser zenye habu za kufunga kwa mkono, na Pajero za umbo lililotoka mwaka 1991, ambamo kazi ya kuunga shafti ya mbele hufanywa na mvuto wa hewa upitao katika mipira myembamba. Hapo ndipo nilipoanza kuona watu wakitozwa fedha nyingi kwa maradhi madogo.

Aghalabu mimi huanza na mwenye gari, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo taabu ilipotokea. Je, stelingi hukaza na tairi zikaburura unapokata kona juu ya lami kavu? Kama gari ni la aina isiyo na difu ya katikati, huo si ubovu: magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na shafti zilizofungwa pamoja hujisokota zisipopata udongo wa kuteleza, na dawa yake ni dereva kurudisha mkono wa transfa kwenye magurudumu mawili. Je, husikika mlio wa ta-ta-ta ukikunja stelingi hadi mwisho? Basi sivijointi ndiyo ya kutazamwa. Je, hugonga mara moja unapoondoka? Nitashika propela kwa mikono na kupima krosi zake. Kisha huangalia kama tairi nne zina kimo kimoja na upepo uliolingana, na kama habu zote mbili zimefungwa. Halafu hufungua kizibo cha difu na cha transfa nione oili, kwani oili iliyogeuka rangi ya maziwa ni ushahidi wa maji yaliyopenya. Hayo yote hayana gharama ya kutajwa, ilhali hukumu yake hutangulia kila kifaa cha kununuliwa.

Mwaka mmoja wa masika makali alinijia mwalimu kutoka Mlalo, katika milima ya Usambara, na Pajero ya dizeli ya umbo lile la mwaka 1991.

"Shikamoo, fundi," alisema, na uso wake ulikuwa umechoka. "Nimeambiwa ninunue transfa nyingine. Taa za magurudumu ya mbele zinapepesa tu, na kwenye tope gari halipandi."

"Marahaba, mwalimu. Transfa tutaiuliza kwanza kama ina kosa."

Mkono wa transfa uliingia mahali pake bila kukwaruza. Nikayazuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, nikainua gurudumu la kulia la mbele kwa jeki, injini ikiunguruma na gia ikiwa huru, nikalizungusha kwa mkono: likazunguka, na propela ya mbele haikutikisika. Lau propela ingalifuata, ningalijua kwamba shafti imeungana na kosa limo katika swichi au waya wa taa. Madhali haikufuata, kiungio cha shafti ndicho kilichokuwa hakijaingia. Breki za gari zilikuwa nyepesi, nazo hutumia pampu ileile ya mvuto wa hewa, kwa hiyo pampu ilikuwa nzima. Nikachomoa mpira kwenye kifaa kinachosukuma kiungio, nikanyonya tundu la kifaa hicho kwa mdomo na kuliziba kwa ulimi. Ulimi ukanaswa na kubaki umenaswa, ikawa dalili kwamba utando wa ndani haukupasuka. Basi nikaufuata mpira kurudi nyuma mpaka kwenye solenoidi, yaani vali ya umeme inayoruhusu mvuto huo, na hapo, penye kikunjo karibu na injini, nikaona ufa usiozidi upana wa uzi, ambao ulijifumba mpira ulipolazwa na kujifumbua ulipokunjwa. Nilikata kipande kile na kutia kipya. Taa zilipepesa kidogo, zikatulia.

Mwalimu aliposikia malipo alidhani nimesahau kuhesabu kazi. Sikusahau, nilikuwa nimehesabu kazi iliyofanyika. Joto la injini na miaka hukausha mipira hiyo, na magari haya hutufikia yakiwa tayari yametumika kwa muda mrefu, kwa hiyo fundi wa zama zetu anapaswa kuushuku mpira kabla ya kuishuku gia boksi.

Wanafunzi wangu huwaamuru waanze na kilicho nje na rahisi, wasogee ndani kwa ithibati, wala wasiseme "transfa imekufa" mbele ya mtu mpaka waweze kumwonyesha mahali ilipofia, kama kadhi asiyetoa hukumu bila mashahidi. Wenye magari nao huwausia waunge magurudumu ya mbele walau mara moja kwa mwezi, katika njia ya udongo au ya mchanga, ili vyuma vipate oili na kasoro ijulikane mapema, wala isingoje siku ya tope mlimani, familia ikiwa garini.