Tutafute Chanzo Kabla ya Kumhukumu Fundi



Motokari inapochemsha maji njiani, neno la kwanza kinywani mwa mwenyewe huwa ni kumlaumu fundi. Na zaidi sana ikiwa fundi huyo amebadili gasketi ya kichwa cha injini juma lililopita tu. Lakini je, lawama hiyo ni ya haki?

Hapa Uvira tuliwapatanisha ndugu wawili wa parokia yetu, mmoja dereva, mwingine fundi. Dereva alikuwa ametoa karo ya watoto wake ili kununua gasketi. Alipopanda milima kuelekea Bukavu, maji yakachemka tena. Akatangaza mbele ya watu kwamba fundi amemwekea gasketi kuukuu. Tangu siku ile hawakupeana hata amani katika Misa.

Yafaa kwanza tujue kazi ya gasketi. Hukaa kati ya kichwa cha injini na bloki, ili moto, mafuta na maji visichanganyike. Mara nyingi haiharibiki yenyewe, bali huunguzwa na joto lililoanza mahali pengine. Basi anayeibadili bila kutafuta chanzo cha joto hufunga kidonda kisichooshwa.

Tuliwaita wote wawili, tukakagua pamoja, injini ikiwa imepoa kabisa. Maana afunguaye kifuniko cha rejeta kingali cha moto huunguzwa vibaya na mvuke. Themostati tuliitia katika sufuria ya maji yanayochemka: ikafunguka vema, tukairudisha. Tukajaza maji, tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yakatoka kidogo, kisha yakakoma: ilikuwa hewa iliyonaswa ndani. Kama yasingekoma, tungeshuku kwamba gesi ya moto inapenya kwenye gasketi, au kwamba kichwa kimepinda. Kwa kuwa kikipinda hata sehemu moja ya kumi ya milimita, gasketi mpya yaweza kushindwa kuziba.

Injini ilipopata moto tuliizima, tukaipapasa rejeta kwa uangalifu. Juu palikuwa pa moto, lakini katikati palikuwa na sehemu za baridi: imeziba! Miaka mingi dereva alichota maji ziwani, na maji ya Tanganyika yana chumvi nyingi za madini, ambazo huacha ukoko ndani ya mirija. Tena mpira wa kifuniko ulikuwa umechakaa. Ziwa letu liko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bukavu yapata meta 1,500. Kule juu maji yasiyogandamizwa huchemka kwa digrii 95 hivi, wala hayangoji 100. Kifuniko kizima huyagandamiza, yasichemke upesi.

Rejeta ikasafishwa, kifuniko kikanunuliwa kipya, na gasketi haikuguswa. Dereva akamwambia fundi mbele ya wale wale waliosikia lawama: "Ndugu yangu, nisamehe." Fundi akampa mkono.

Amri ya nane haikatazi uongo peke yake, bali na hukumu ya haraka pia. Kuirudisha heshima ya mtu ni kazi ngumu kuliko kusafisha rejeta. Kwa hiyo, ninyi wenye motokari, tumieni maji safi yenye dawa ya kupozea, kagueni yote kwa utaratibu, na kabla ya kununua gasketi ya pili, au kulichafua jina la jirani, pimeni kwanza.